Mwokaji Aliyecheza Mbele ya Pazia

Ndugu, majirani, waumini wenzetu wa hekalu, na nyinyi wateja mliofunga maduka yenu ili mfike hapa, asanteni. Wasifu huu unasomwa na binti mkubwa wa marehemu. Umeandikwa kama marehemu mwenyewe alivyouagiza, na agizo lake lilikuwa fupi: "Msinipake asali." Kwa hiyo aliyekuja kusikia sifa tupu atuvumilie.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika chumba kilichopakana na tanuri la baba yake, mtoto wa pili kati ya watatu. Bibi yake alikuwa akisema mtoto huyu alikuja duniani mdomo wazi na hakuna aliyefanikiwa kuufunga. Alisoma shule ya msingi ya mtaani hadi darasa la saba. Hesabu alizimudu vizuri, ila chakula chake cha mchana alikimaliza saa nne asubuhi, kisha mchana akawa anawazunguka wenzake kama paka wa jikoni. Mwalimu akambandika jina, Bwana Tumbo. Darasa lilicheka, naye akacheka nao, lakini jina lile lilimchoma. Alikua akiionea haya njaa yake kama mtu anavyoonea haya kiraka cha suruali.

Mwaka 1966 aliingia kazini kwa baba yake, na kazi hiyo hakuiacha hadi maradhi yalipomtoa. Alikanda, akaviringa, akapaka maziwa juu ya skonzi kwa brashi ya manyoya, na hakukubali mtu mwingine ashike brashi ile. Mteja akilalamika kwamba mkate umepungua, alimjibu, "Mkate uko vilevile, mama, ni wewe uliyenawiri," kisha akamtupia skonzi moja ya nyongeza mfukoni. Wengi wenu hapa mmelelewa na nyongeza hizo.

Alimpenda binti wa mfuma maua, yule mzee aliyetengeneza mashada ya hekalu. Alipopeleka posa, mzee hakumung'unya maneno. "Mlafi hapewi binti yangu. Kijana gani anashindwa kufunga hata siku moja?" Marehemu alirudi nyumbani masikio yakimwaka moto, akaapa kwamba sikukuu ya Arudra ikifika atafunga mbele ya macho ya mzee huyo.

Kwa wageni wetu: Arudra ni siku tunayomwadhimisha mungu wetu Shiva akicheza ngoma yake, ile inayouzungusha ulimwengu. Waumini hufunga na kukesha, na alfajiri pazia hufunguliwa, wakaiona sanamu ya Bwana ndani ya duara la moto, mguu mmoja juu, mikono imetandazwa. Baada ya hapo ndipo mtu hutia kitu kinywani.

Januari 1977 marehemu alifika hekaluni akitoka tanurini, na skonzi moja ya zabibu kavu mfukoni. Ya kufungulia tu, alijiambia. Pazia likachelewa. Harufu ya samli na maziwa ikajaa ukumbini, tumbo likanguruma hadi jirani yake akageuka. Akajisogeza nyuma ya nguzo, akamega kidogo. Akamega tena. Alipokuwa ameisukumia yote mdomoni, kengele zikalia, pazia likafunguka, na umati ukamsukuma mbele, kisha ukapasuka kupisha njia, akabaki yeye peke yake katikati, mbele ya Bwana.

Skonzi ikakwama kooni. Marehemu alitupa mikono hewani, akainua mguu wa kushoto, akazunguka mara ya kwanza, akazunguka mara ya pili, macho yamemtoka, machozi yanabubujika, na ngoma zinapigwa. Nyuma yake Bwana naye mguu juu. "Jamani! Bwana amemshukia!" bibi mmoja akapiga kelele. Marehemu akaanguka kifudifudi, na kwa pigo la sakafu skonzi ikashuka. Alipoinua kichwa, mfuma maua alikuwa amepiga magoti mbele yake. Alitaka kusema ukweli palepale. Akafungua mdomo, akahisi makombo bado yako kwenye ulimi, akaufunga.

Mzee akamtoa binti yake, wakafunga ndoa tarehe 20 Mei 1977, wakajaliwa mabinti wawili. Mtaa ukamwita Mteule. Waliletwa watoto wachanga awaguse kichwani, naye aliwagusa huku anatazama chini. Kila Arudra aliombwa akae mbele, na kila Arudra alijificha mlangoni akilinda viatu vya waumini. Wakasema, lo, unyenyekevu ulioje! Siku moja alimwendea kuhani na kumwambia waziwazi, "Mzee, ilikuwa skonzi." Kuhani akacheka hadi akajifuta machozi, kisha akalifanya neno hilo hotuba juu ya watu wasiojikweza. Marehemu aliisikiliza hotuba nzima akiwa kati ya viatu, na alitamani ardhi impasukie.

Tangu mwaka ule alifunga kwelikweli, hata maji hakugusa, lakini aibu haikumtoka. Mtaa mzima ungemcheka angevumilia. Mtu mmoja tu hakuthubutu kumwambia, mkewe, maana bila skonzi ile asingempata, na aliogopa siku atakayomtazama kama mwalimu alivyomtazama.

Miaka miwili iliyopita alipatikana na saratani ya koo. "Koo lilelile," alimwambia daktari, akamsimulia. Daktari akamuuliza, "Mzee, Mungu gani huyo wa kuweka kinyongo cha skonzi?" Marehemu hakucheka. Arudra ya mwaka huu ilimkuta wodini, hata mate yanampa taabu kumeza. Wageni walisimama miguuni pa kitanda wakinong'ona kwamba Mteule anafunga hadi hospitalini. Aligeukia ukuta akalia. Walipoondoka, alimweleza mkewe yote bila kugeuka.

"Nilikuoa kwa uongo, mama watoto."

Mkewe alikuwa anakunja shuka. "Ilikuwa na zabibu," alisema.

Marehemu akageuka. "Nani kakwambia?"

"Upande wa wanawake unatazamana na ile nguzo. Nilikuona tangu ulipomega mara ya kwanza."

"Na ukanyamaza miaka yote hii?"

"Ningesema, baba angenipa wewe? Nilikutaka na tumbo lako hilohilo. Ila kinyongo ninacho kimoja, baba watoto. Mimi pia nilikuwa na njaa, na hukunimegea."

Marehemu alicheka hadi muuguzi akaja mbio. Alfajiri, mfungo ulipokwisha, mkewe alichovya kipande cha skonzi kwenye maziwa, akampaka midomoni, kilichobaki akala yeye.

Marehemu alifariki alfajiri ya tarehe 3 Machi, mkewe akiwa kando. Ameacha mjane, mabinti wawili, wakwe, wajukuu watano na dada yake mdogo. Mlangoni, pale alipokuwa akilinda viatu vyenu, kuna kapu la skonzi za zabibu. Chukueni, kuleni mbele za watu, na mmegeane. Apumzike kwa amani mwokaji wetu, wala asione haya tena.