Mkono Uliotaka Kuzima Redio

KINYOZI: Haloo? Nani mwenzangu?

FUNDI: Mimi.

KINYOZI: Mimi nani? Namba hii siijui.

FUNDI: Fundi. Shemeji yako. Nimeazima simu ya nesi, yangu ilikanyagwa kule karakana—

KINYOZI: Aa, shemeji! Si ungesema. Roho ilishaniruka. Habari za huko?

FUNDI: Si nzuri. Bado uko kwa shangazi yako?

KINYOZI: Niko hapa sebuleni, ananichemshia chai. Nimemdanganya kwamba umeme umekatika dukani, siwezi kunyoa.

FUNDI: Toka.

KINYOZI: Nini?

FUNDI: Toka hapo sasa hivi. Vaa viatu, pita mlango wa nyuma.

KINYOZI: Polisi?

FUNDI: Si polisi. Toka tu—

KINYOZI: Kama si polisi sitoki. Nimeshakimbia vya kutosha kwa siku moja. Yule mzee vipi, wamemshona?

FUNDI: Shemeji, nisikilize—

KINYOZI: Alijitakia mwenyewe. Tangu asubuhi tulikuwa tumekaa vizuri, si ndiyo? Seremala kaleta kanda ya Bibi Zeze wake, tukasikiliza mpaka mwisho, ingawa yule bibi anaimba kama mlango usiotiwa mafuta. Wewe ukaleta Mapacha wa Reli, tukavumilia. Zamu yangu inafika, naweka kanda ya Nyuzi Sita, wetu sote, na mtu hata hatumjui, kaja na redio mbovu kwapani, anasema zimeni hiyo!

FUNDI: Alisema tafadhali.

KINYOZI: Alisema beti ya pili imeharibiwa! Eti mpigaji alikosea gitaa. Nyuzi Sita akosee? Miaka ishirini nanyoa watu nikiisikiliza beti hiyo. Pale gitaa linapojikwaa, halafu linainuka, mpaka leo nywele zinanisimama. Anakuja mtu na bakora yake ananiambia pale pamekosewa!

FUNDI: Alikuwa ananyoosha mkono kuzima redio.

KINYOZI: Na mimi nikamwonyesha kwamba haizimwi.

FUNDI: Ulichukua nyundo yangu.

KINYOZI: Ilikuwa mezani.

FUNDI: Mara tatu, shemeji. Ile ya kwanza tu vidole vilishapondeka. Mkono ulikuwa bado uko juu ya meza, hata kuuvuta hakuweza. Ukaongeza mbili.

KINYOZI: Nilipandwa na hasira. Na si mimi peke yangu. Alipoanguka, nani hakutia teke? Karakana nzima ilikuwa—

FUNDI: Mbavu nne. Jicho moja limevimba, halifunguki. Vidole viwili vya mkono wa kushoto daktari amevikata.

KINYOZI: Amevikata kabisa?

FUNDI: Kabisa.

KINYOZI: Basi pole yake. Kijiko atashika kwa mkono wa kulia.

FUNDI: Usiseme hivyo.

KINYOZI: Natania tu, shemeji. We unalia?

FUNDI: Usiseme hivyo, nakuomba.

KINYOZI: Unamlilia mtu aliyemtukana Nyuzi Sita?

FUNDI: (mtandao unakwaruza) ...mimi na Seremala, kwenye mkokoteni—

KINYOZI: Unakatika. Sema tena.

FUNDI: Nasema tulimsukuma kwenye mkokoteni mpaka hapa hospitali, mimi na Seremala. Njiani alikuwa anaweweseka. Anaimba.

KINYOZI: Anaimba nini?

FUNDI: Ule wimbo wa msafiri. Ule ule.

KINYOZI: Si alikuwa ametoka kuusikia? Umemkaa kichwani.

FUNDI: Aliimba beti ya tatu.

KINYOZI: Hata mimi naijua beti ya tatu.

FUNDI: Unaijua mpaka wapi?

KINYOZI: Mpaka kanda inapoishia. "Nikafika njia panda, mzigo nikautua." Kanda inaisha hapo, kila mtu anajua. Nakala zote zinaisha hapo.

FUNDI: Yeye hakuishia hapo.

KINYOZI: Mbele ya hapo hakuna kitu.

FUNDI: Alipita njia panda, shemeji. Aliimba mistari mingine minne mpaka mwisho. Seremala aliachia mkokoteni katikati ya barabara. Magari yanatupigia honi, sisi tumesimama tu.

KINYOZI: Katunga. Mtu yeyote anaweza kutunga mistari minne.

FUNDI: Kwa sauti ile? Meno yamevunjika, damu inamtoka, na bado ni sauti ile. Mimi nimetengeneza redio maisha yangu yote, sauti ninaijua.

KINYOZI: Nyuzi Sita alikufa zamani.

FUNDI: Nani alikwambia?

KINYOZI: Watu wanasema—

FUNDI: Umewahi kuona sura yake? Kwenye kasha la kanda kuna picha gani?

KINYOZI: Ng'ombe.

FUNDI: Ng'ombe. Tunajiita wapenzi wake, tumeunda chama, wewe mwenyekiti, mimi katibu, na tunachokijua ni ng'ombe.

KINYOZI: Shemeji, acha. Acha utani wa namna hiyo.

FUNDI: Binti yake amefika. Nimemuuliza mwenyewe. Amesema ndiyo, baba alikuwa anapiga gitaa kijijini, walikuwa wanamwita Nyuzi Sita. Amesema siku waliyorekodi ule wimbo, alipofika beti ya pili mlango ukafunguliwa, akaletewa habari kwamba mwanawe wa kwanza amefariki. Wenye studio hawakuzima mashine. Vidole vikateleza kwenye nyuzi, akamalizia hivyo hivyo. Tangu siku hiyo haisikilizi ile kanda, akiikuta inapigwa anaomba izimwe.

KINYOZI: Pale gitaa linapojikwaa.

FUNDI: Pale pale.

KINYOZI: Na vidole... umesema vya kushoto.

FUNDI: Vya kukandamiza nyuzi. Mkono wa kulia ulikuwa umeshika bakora.

KINYOZI: Nimempiga nyundo. Shemeji, nimempiga nyundo Nyuzi Sita. Mungu wangu. Nilimtukana na mama yake, ulinisikia, nilimwambia— Hapana, shangazi, sijambo. Ni simu tu. Weka hapo, nitakunywa.

FUNDI: Sasa unanielewa? Vaa viatu.

KINYOZI: Msafiri alifika kwao?

FUNDI: Nini?

KINYOZI: Kwenye wimbo. Alifika?

FUNDI: Alifika. Alikuta taa inawaka.

KINYOZI: Mimi siku zote nilisema alifia njiani.

FUNDI: Najua ulisema! Tulinuniana wiki nzima kwa sababu hiyo. Shemeji, wanakuja! Chama kizima kinakuja huko. Seremala, Dereva, fundi bomba, wote. Wamepanda lori la Dereva.

KINYOZI: Wanakuja kufanya nini?

FUNDI: Unaniuliza? Walikuwa hapa uani wakati binti anazungumza, wamesikia kila neno. Dereva alijigonga kichwa ukutani mpaka akatoka damu. Halafu wakaanza kuulizana nani aliyeanza.

KINYOZI: Hao ni watu wangu. Seremala nilimsimamia harusi yake!

FUNDI: Seremala ndiye aliyebeba shoka. Wamepitia dukani kwako kwanza. Vioo vyote wameviangusha, kiti cha kunyolea wamekitupa barabarani wakakitia moto. Yule mshona viatu jirani yako alijaribu kuwazuia, ameletwa hapa sasa hivi, kichwa kimepasuka. Yeye ndiye amenisimulia.

KINYOZI: Na mke wangu? Watoto?

FUNDI: Wako kwa mama, wazima. Dada yangu hajui kitu. Wanakutaka wewe.

KINYOZI: Wamejuaje kwamba—

FUNDI: Ruka ukuta wa nyuma, pita kwenye—

KINYOZI: Ngoja. Wamejuaje kwamba niko kwa shangazi?

FUNDI: (mtandao unakwaruza) ...barabara ya nyuma haina—

KINYOZI: Mke wangu sikumwambia. Shangazi mwenyewe hakujua kama nitakuja. Nilikwambia wewe tu, pale mlangoni, natoka mbio.

FUNDI: Vaa viatu kwanza.

KINYOZI: Shemeji.

FUNDI: Walinizunguka. Seremala alinikaba shati. Anasema, nyundo ni yako, karakana ni yako, tutaanza na wewe.

KINYOZI: Ukanitaja.

FUNDI: Niliogopa. Na hasira pia nilikuwa nayo, sikufichi. Nilikuwa nimetoka kumwona yule mzee kitandani. Kwa dakika ile nilitaka wakupate. Halafu lori lilipoondoka tu, nikamkumbuka dada yangu, nikakukumbuka wewe, nikaanza kuomba simu kwa kila mtu—

KINYOZI: Na teke lako uliwaambia?

FUNDI: Teke gani?

KINYOZI: Usinifanye mjinga! Nilikuona. Kiatu chako cha kahawia, mbavuni, mara mbili. Mzee ameshalala chini, ameshika mkono wake, na wewe unamtia mateke. Uliwaambia hilo?

FUNDI: Wote tulipiga.

KINYOZI: Uliwaambia?

FUNDI: Hapana.

KINYOZI: Na wao nao wamejisahau. Leo miguu yote imekuwa ya mwenyekiti. Kuna gari limesimama nje.

FUNDI: Ruka! Ruka ukuta sasa hivi!

KINYOZI: Shangazi! Shangazi, usifungue! Njoo huku, ingia chumbani. Sasa hivi, shangazi yangu, usiniulize!

FUNDI: Mwache, ruka! Hawamtaki yeye—

KINYOZI: Wamempasua kichwa mshona viatu, watamhurumia shangazi? Unawasikia? Wanagonga kwa shoka.

FUNDI: Nawasikia.

KINYOZI: Mlango wenyewe wa mbao tupu. Ubao wa juu umeshapasuka, namwona Seremala. Ananitazama kwa tundu, shemeji, analia. Analia na bado anapiga.

FUNDI: Sikia, sikia! Weka spika. Weka simu spika, uiinue juu wanisikie!

KINYOZI: Uwaambie nini?

FUNDI: Ukweli. Kwamba wewe ndiye uliyepiga nyundo, lakini mbavu na jicho ni sisi sote. Nitaanza na teke langu, halafu nitawataja mmoja mmoja, na Seremala nitamtaja, alipiga usoni, nilimwona. Wakisikia kutoka kwangu watasimama. Mimi wananisikiliza. Mimi ndiye niliyewatuma huko, mimi ndiye nitakayewarudisha.

KINYOZI: Una uhakika?

FUNDI: Haki ya Mungu. Weka!

KINYOZI: Haya. Nimeweka. Jamani! Jamani, ngojeni! Seremala, shusha hicho kitu. Katibu yuko kwenye simu, ana neno. Msikilizeni kwanza, halafu mfanye mtakalo. Nyamazeni! (shoka linakoma) Wamenyamaza, shemeji. Sema, wanakusikia wote. Seremala yuko hapa hapa, mkono mmoja umeshapita mlangoni.

FUNDI: Seremala?

KINYOZI: Anasema ndiyo, ni yeye. Anauliza unataka nini.

FUNDI: Mimi... nilitaka...

KINYOZI: Waambie ulivyosema! Waambie kuhusu teke! Anauliza teke gani. Anakuuliza wewe, shemeji. Teke gani?

FUNDI: Haloo?

KINYOZI: Tunakusikia vizuri kabisa!

FUNDI: Haloo? Mtandao... mtandao ni mbaya huku. Siwasikii.

KINYOZI: Unanisikia! Shemeji, unanisikia! Kwa jina la dada yako, sema neno mo— ngoja, Seremala, ngoja kwanza—

FUNDI: Nesi anataka simu yake. Haya. Kwaheri, haya.