Bweni au Kutwa

Benchi la kijiwe hiki lina miguu mitatu na tofali moja, na kila anayelikalia anajiona ana haki ya kuamua mambo ya watu. Liko kati ya kinyozi na kibanda cha fundi viatu. Asubuhi hiyo birika la kahawa lilikuwa bado zito, na kesi iliyokuwa mezani, ingawa meza yenyewe haipo, ilikuwa ya fundi viatu, wanayemwita Kisigino. Yeye na mama wa binti yake waliachana miaka mitatu iliyopita, kwa heshima zote, bila kurushiana sufuria. Binti huyo, ambaye kwa wingi wa maneno wamembandika jina la Kasuku, amemaliza shule ya msingi. Mama anataka aende shule ya bweni. Baba anataka shule ya kutwa, ile ile waliyosoma wao. Fomu ya bweni inataka saini mbili. Ya mama ipo, na mwisho wa kuirudisha ni leo saa kumi. Kisigino ameikalia wiki mbili, na ameikalia kweli, maana iko chini ya mto wa kigoda chake.

— Usitie saini, — alisema kinyozi, ambaye wanamwita Hakimu kwa sababu hachoki kuhukumu. — Ile yetu ndiyo ilikuwa shule, bwana. Kengele ya rimu ya lori ikilia, hata mbuzi wa jirani wanapanga mstari.

— Na yule mwalimu wa hesabu, — akadakia Karani, mtu wa posta ambaye likizo yake haiishi. — Anakupiga chaki bila kugeuka. Alikuwa na macho kisogoni yule.

Kisigino alicheka huku akivuta uzi. Alikumbuka dawati lao la watu wawili, na msichana aliyechora mstari wa chaki katikati: kiwiko kikivuka, unachapwa rula. Yeye alivuka kila siku, makusudi. Ndiye huyo huyo aliyekuja kuwa Mama Kasuku. Siku zile zilikuwa tamu, na utamu wake ulimuuma.

— Basi gawaneni, — Karani alishauri. — Mwaka mmoja bweni, mwaka mmoja kutwa.

— Atoke na akili vipande vipande? — alisema Hakimu. — Nisikilizeni mimi. Bweni ni nini? Kitanda, kengele, na mtu wa kukufokea uzime taa. Kisigino aweke kitanda nyuma ya kibanda, mimi nipige kengele, Karani afoke. Mama kapata bweni, baba kabaki na mtoto.

— Mimi sifoki bila barua ya ajira.

— Au wazazi wafanye mtihani wenyewe, — alisema Hakimu. — Mwenye alama nyingi ndiye anaamua.

— Hapo nimekwisha, — alisema Kisigino. — Majibu yote alikuwa ananipa yeye.

Wakacheka. Kisigino akaendelea kushona, kisha akasema bila kuinua macho:

— Kila Jumamosi Kasuku anakuja hapa, anapaka viatu rangi, anaongea mpaka wateja wanasahau kilichowaleta. Akienda bweni, hiyo Jumamosi nitaifanyia nini?

Hakimu akaliinua birika. Akamimina kahawa.

Ndipo alipofika dada wa duka jipya la fotokopi, ndala imekatika ukanda. Kisigino akainuka kumpisha akae, akakung'uta mto wa kigoda, na fomu ikaanguka. Yule dada aliiokota, akaisoma yote, kama watu wa kazi yake wanavyosoma.

— Hii haijajazwa.

— Imebaki saini tu, dada yangu. Ndiyo inayotuumiza kichwa.

— Sisemi saini. Hapa, namba nne: somo analolipenda mwanafunzi. Mmeruka. Anapenda somo gani?

Kisigino akaiinamia fomu. Alijua namba ya kiatu cha Kasuku na dawa ya viatu anayoichukia harufu yake. Somo hakulijua. Hakimu akakohoa.

— Sisi tulipenda mapumziko, — alisema, na hakuna aliyecheka.

Kisigino akapiga simu.

— Umetia saini? — Mama Kasuku aliuliza hata kabla ya salamu.

— Bado. Hivi, Kasuku anapenda somo gani?

Upande wa pili cherehani ikasimama.

— Unaniuliza mimi? Si anaongea na wewe Jumamosi nzima?

— Anaongea. Mimi namjibu kwa habari za shule yetu.



— Na mimi namsimulia bweni, — Mama Kasuku alisema taratibu. — Lile nililolililia nikiwa na umri wake, baba yangu akakataa.

— Mama Kasuku, hilo hujawahi kuniambia.

— Hujawahi kuuliza.

— Kasuku yuko hapo? Fungua spika ya simu, tumsikie wote wawili.

Kisigino akaligeuzia benchi mgongo.

— Kasuku, mama yupo na mimi nipo. Wewe shuleni unapenda nini?

Yule mtoto asiyeishiwa maneno alijibu kwa swali.

— Mnaniuliza, au mnataka kunisimulia tena?

— Tunakuuliza, mwanangu, — baba na mama walijibu kwa pamoja, na Kisigino akaweka sindano chini.