Orville Tweten, Mtu Tuliyemtoa Tukapata Mrushaji

Baada ya miaka thelathini na minne ya kusaka vipaji kwa klabu yetu ya besiboli, Korongo wa Duluth, Bwana Orville Tweten anastaafu tarehe 31 Oktoba. Katika miaka hiyo, kuna miezi michache ambayo hakuwa wetu. Ameomba jambo hilo lisitajwe kwenye jarida hili. Tumelijadili ombi lake, tukalikataa.

Alikuja kwetu akitokea ualimu wa michezo. Kazi yake ilikuwa kuzunguka viwanja vya mashambani kutafuta chipukizi, na akishamleta kijana, kijana huyo alikuwa wake. Alijua nani anaogopa radi na nani hupoteza shabaha akishaongea na mama yake kwenye simu. Kila Jumapili mkewe, Bi. Marlys, aliwaokea vijana hao viazi na nyama ya kusaga, mpaka kocha akalalamika kwamba wanashindwa kukimbia.

Kiangazi cha mwaka wake wa ishirini tulinusa ubingwa. Wapigaji wetu walikuwa moto, warushaji wetu maji. Tulikuwa na mrushaji mmoja tu wa kuaminika wa kuanza mchezo, naye akajivunja kidole akifungua kopo la pichi. Wapinzani wetu, klabu ya Omaha, walikuwa na mrushaji Rusk Delahunt, ambaye mpira wake ulisikika kabla ya kuonekana. Walitaka chipukizi wetu watatu ili watupatie yeye, na dirisha la kubadilishana wachezaji lilikuwa linafungwa Jumatano jioni.

Meneja mkuu wetu wa wakati huo, Bi. Doreen Kasprzak, aliitisha kikao Jumatatu.

“Orville, chipukizi ni ahadi. Siwezi kupanga ahadi uwanjani Ijumaa.”

“Bosi, bega la Delahunt linalia kama mlango wa ghala. Utoe ndama watatu upewe ng'ombe kizee?”

“Ng'ombe kizee anatoa maziwa leo!”

“Basi mkamue mwenyewe!”

Kufikia Jumanne ofisi ilikuwa na mabirika mawili ya kahawa, moja la wanaotaka na moja la wasiotaka. Ambao hawajaamua walikunywa maji. Mwenye klabu alikubali asubuhi, akakataa baada ya chakula, kisha akaenda kulala.

Jumatano upande wa Bi. Doreen ulishinda. Ilibaki daktari awapime vijana watatu, maana asiyepimwa hatolewi. Vijana hawakuonekana. Orville alikuwa amewapakia kwenye mashua, yuko nao katikati ya ziwa, wanavua. Daktari alikodi chombo pekee kilichobaki ufukweni, kiboti cha watalii chenye umbo la bata maji, kinachoendeshwa kwa kukanyaga pedali.

“Orville! Lete hao watoto niwapime!”

“Samaki wanakula, daktari! Punguza kelele!”

Kila daktari alipokaribia, Orville alipiga makasia kidogo tu, bila haraka.

Meneja wa Omaha, Bwana Gaddis, alipopigiwa simu na kuelezwa, alicheka mpaka akakohoa. “Kaeni na watoto wenu,” akasema. “Nipeni huyo mzee. Mtu wa kupigania vijana namna hiyo sisi hatuna.” Safari hii Bi. Doreen hakuitisha kikao.

Orville alizipata habari aliporudi nchi kavu, samaki mkononi. Akauliza, “Mimi peke yangu? Hawakudai hata mpira juu yake?”

Efraín Batista, mdogo kabisa kati ya wale watatu, alimshika mkono. “Mzee, niende mimi. Wewe una mke. Mimi nina begi tu.”

“Nyamaza, kijana. Besiboli haiendi hivyo,” alisema Orville, akageuka upande ili machozi yasionekane.

Delahunt alituletea ubingwa. Lakini majira ya baridi ofisi ilikuwa kama nyumba yenye msiba, na Bi. Doreen akaomba Orville arudishwe. Omaha wakataja wanachotaka: Batista na mwenzake mmoja. Orville, akiwa mwajiriwa wa Omaha, alimpigia simu Bi. Doreen yeye mwenyewe.

“Usikubali! Mnapunjwa! Goti langu bovu, na sisikii vizuri sikio la kushoto!”

Bi. Doreen alikubali. Orville alirudi Machi, akampita mlangoni bila salamu, na hakumsemesha mpaka Juni.

Batista akawa nyota huko Omaha. Kila alipotupiga, na alitupiga sana, Orville alisimama jukwaani peke yake katikati ya mashabiki wetu, akapiga makofi, kisha akamtazama Bi. Doreen.

Bi. Doreen sasa amestaafu. Tulipomuuliza kwa ajili ya jarida hili kama alikosea, alijibu, “Kibesiboli, nilikosea vibaya sana. Ningefanya vilevile kesho.”

Asante, Mzee Orville, kwa vijana wote uliotuletea, hata waliotufunga. Wewe na Bi. Marlys tunawaombea afya, usingizi mtamu na viangazi virefu.