Élysée Kalonda na Mpira Mmoja

Padri wetu, wazazi, majirani, nanyi mlioacha mashamba yenu leo, mimi Gérard, kaka yake, nimetumwa na familia kuwasomea maisha ya mdogo wangu Élysée Kalonda, kazi ambayo yeye ndiye angenifanyia mimi.

Alizaliwa hapa Kabambare tarehe 14 Machi 1991, akasoma hapahapa hadi diploma mwaka 2010, akakosa ualimu, akashika pikipiki, akabeba watu na mizigo hadi Kasongo kwa njia ile tunayoijua sote. Tarehe 8 Agosti 2015 alifunga ndoa na Aurélie, Mungu akawajalia Darlène na Marcellin.

Tarehe 22 Novemba 2023 alianguka darajani, uti wa mgongo ukavunjika, mkojo ukafunga kwa maumivu makali, akawekewa sonde, ule mpira wa kutolea mkojo. Mwingine haukupatikana, basi muuguzi jirani akawa anautoa, Aurélie anauosha kwa sabuni na maji ya vuguvugu, akiogopa kuuchemsha usiharibike, kisha unarudishwa uleule.

Februari homa ikaanza, daktari akasema ni ukungu, yaani fangasi, umeingia kwenye mkojo, dawa ikaleta nafuu, tukatoa shukrani kanisani, homa ikarudi. Tukaongeza dawa, ikarudi kali zaidi. Ndipo daktari akatueleza kwamba ukungu huo hung'ang'ania mpira na kujifunika utando, kama utelezi wa ndani ya bidoni la maji usiotoka kwa kusuuza, dawa huua ule unaoelea, ulioshika hubaki na kuzaa upya, kwa hiyo mpira lazima utoke. Jamani, mvua ilikuwa imekata njia ya kuleta mwingine, na Élysée akatuambia, "Musinitoshe mupira kama ingine haiko. Ile maumivu ya kwanza sitaiweza tena."

Tulimsikiliza, kwa kuwa nani angemlazimisha? Ukungu ukaingia damuni, akafariki alfajiri ya tarehe 17 Aprili 2024, ana miaka thelathini na mitatu.

Tunawashukuru madaktari, majirani waliomgeuza kitandani, na wenzake wa pikipiki, hasa Sumaili, aliyesukuma pikipiki matopeni kutoka Kasongo na sonde mpya kifuani, akafika jana tukipigilia misumari ya jeneza. Sumaili, usijilaumu. Tumeipeleka kituo cha afya ingali imefungwa, atakayeihitaji aikute.

Élysée, mdogo wangu, pumzika, homa haitarudi tena.