Athanas Ngusa, Fundi Aliyegonga Ardhi Kabla ya Kusimamisha Nguzo

Wazazi wetu shikamooni, majirani wa Segese, mafundi wenzake na ninyi mliotoka mbali, poleni kwa safari na poleni kwa msiba, familia inaomba mtusikilize kidogo, na wale mlioegemea ukuta wa nyumba tunawaomba msogee huku barabarani kwenye turubai, sababu yake mtaisikia.

Athanas Ngusa alizaliwa tarehe 9 Agosti 1990 huko Tinde, mtoto wa tatu wa Mzee Ngusa na Bi Agnetha, alisoma shule ya msingi hukohuko Tinde kuanzia 1998 hadi 2004, akamaliza kidato cha nne mwaka 2008, na waliosoma naye wanamkumbuka kwa ukimya wake, na kwamba dawati likilegea aliitwa yeye.

Mwaka 2009 alikwenda Ushirombo kujifunza kupaua kwa fundi Selestine, na kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kuongezea nyumba vibaraza na mabanda ya gari, maana alisema nyumba isiyo na kibaraza ni kama mtu anayekupokea mlangoni asikupe kiti. Alijua kupachika boriti bila kuuumiza ukuta, alijua kulaza bati ili maji ya mvua yasirudi ndani, lakini kabla ya kuchimba shimo la nguzo lazima apige ardhi kwa mtaimbo, ainame, asikilize, na hapa Segese watu walimtania, "Fundi, unapiga hodi kuzimu?", naye akawajibu, "Napiga, siku wakiitikia nitawaambia."

Tarehe 17 Novemba 2018 alifunga ndoa kanisani Ushirombo na Eunice Mabula, wakahamia hapa, wakajaliwa Blessing, aliyezaliwa tarehe 3 Mei 2020, na Adam, aliyezaliwa tarehe 21 Januari 2024, ambaye bado ananyonya. Kibaraza cha nyumba hii alikijenga Blessing alipoanza kutambaa, ili acheze kivulini mama yake akipika.

Miaka ya karibuni kazi zilizidi, watu wakitaka mabanda ya gari, tena yaliyozibwa kwa bati pande zote na mlango wa kufuli, na gari hawana, hata pikipiki hawana, Athanas akasema, "Mama Blessing, hawa hawahifadhi gari, wanafunika duara, shimo la kuchimbia dhahabu," naye Mama Blessing akamwambia basi acha hizo kazi Baba Blessing, acha kabisa, akakubali, ila akamalizia moja aliyokwisha kuianza, si mbali na hapa, jina hatulitaji, tuko msibani.

Mwezi Juni mwaka huu wa 2025, mchana kweupe, kikombe cha Blessing kilianza kutembea chenyewe juu ya sakafu ya kibaraza, Athanas akaleta mtaimbo, akapiga, na ardhi ikaitikia. Alihamisha jiko, akakataza watoto kukanyaga pale, akaenda kwa balozi wa nyumba kumi, akaenda kwa mwenyekiti, akaambiwa ni baruti za mbali, fundi usitutishie watu.

Tarehe 12 Julai aliamua kukibomoa kibaraza, uzito wake usije ukaivuta nyumba, alikwisha kushusha bati zote, zikabaki boriti, ndipo nguzo ya kona ikazama kama mtu aliyevutwa mguu, na boriti ikamwangukia kifuani. Alipelekwa zahanati, kisha hospitali, akafariki asubuhi ya tarehe 16 Julai, na neno lake la mwisho kwa mkewe lilikuwa, "Watoto wasilale chumba cha mbele."

Kwa desturi yetu alipaswa kuzikwa hapa nyumbani kwake, na jana vijana walianza kuchimba kaburi nyuma ya jiko, wakafika usawa wa kifua, sururu ikapita, hewa ya moto ikapanda, na huko chini redio ilikuwa inaimba, kisha ikazimwa. Ndiyo sababu tunampeleka Tinde.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, mafundi wenzake waliotengeneza jeneza, na jirani yetu Mama Generosa anayelaza watoto kwake siku hizi za msiba. Na kama yupo kati yetu anayejua njia ile ya wachimbaji huko chini inaelekea wapi, Mama Blessing hana ugomvi naye, hatamshitaki, hatauliza jina, hana nyumba nyingine, anaomba tu kujua kama imepita chini ya chumba cha nyuma, maana cha mbele ameshakihama na kilichobaki ni hicho, na kama kusema ni kugumu, aweke jiwe kizingitini akipita, ataelewa, atawabeba wanawe aondoke.

Athanas, kaka zako wamekutangulia Tinde, wameigonga ardhi yako kwa mtaimbo wako mwenyewe, wameinama, wamesikiliza, haikuitikia. Pumzika kwa amani.