Kunjeni Bâche: Mama Anne-Marie Kyakimwa Anaaga Chumba cha Skrini

Tarehe 30 Juni 2025, Mama Anne-Marie Kyakimwa atarudisha ufunguo wa chumba cha skrini, baada ya miaka ishirini na minne katika kituo chetu cha kuchunguza radi na mvua, Butembo. Ufunguo tumekwisha kumpata wa kuushika. Kiti chake ndicho kinachotutia wasiwasi.

Alikuja kutoka Lubero na diploma ya fizikia, akakuta kipimamvua kimoja na barometa iliyosema hali ni nzuri hata mvua ikipiga mabati. Barometa hiyo hakuitupa. Aliitundika juu ya meza yake, ili kila anayeanza kujiamini kupita kiasi aoneshwe kwa kidole. Mimi nimeoneshwa zaidi ya mara moja.

Picha za setilaiti zilipoanza kutufikia, yeye ndiye aliyetufundisha kuzisoma: wingu lenye kilele baridi mno limepanda juu sana, na lililopanda hivyo halikuja kusalimia. Baadaye zikaja takwimu za radi, kila radi nukta moja kwenye ramani. Rada ya jirani zetu wa mashariki hutusaidia kidogo tu, maana Ruwenzori imesimama katikati na kutufichia mvua. Basi Mama Anne-Marie akazoea kutazama nukta. Zikianza kuongezeka ghafla, chai yake inapoa, na sisi tunashika simu.

Lakini milimita za mvua hazimwambii kitu mama anayeanika kakao Mangina au Oicha. Huyo anataka kujua jambo moja: aiache bâche yake, ile turubai ya kuanikia, au aikunje. Milimita Mama Anne-Marie akawaachia wakubwa katika ripoti zao, na wakulima akawapelekea maneno mawili tu: "Kunjeni bâche." Watoto wa mtaa wa Beu wakamwita Mama Bâche. Mwanzoni alinuna. Siku hizi usipomwita hivyo haitiki.

Hakupatia kila mara, na amenikataza kuandika vinginevyo. Mwaka 2021 alimshauri Pasta Josaphat Muyisa wa Mangina aahirishe ibada ya Pasaka ya nje. Wingu likafia mlimani, jua likawaka hadi jioni, na waumini waliotoka mbali wakarudi na sufuria zao. Mama Anne-Marie alipanda pikipiki akaenda mwenyewe kuomba radhi. Pasta alimpa chai, ila sikio hakumpa tena.

Mwaka uliofuata Pasta alikuwa na kampeni ya injili chini ya hema kubwa la nguzo za chuma. Watu walikuwa wamebanana kwenye mabenchi, na nje jua lilikuwa kali. Kwenye skrini yetu nukta zilivuka Ruwenzori zikizidi kuwa nyingi, zikashika njia ya Mangina. Mama Anne-Marie alimpigia Pasta. Jibu lilikuja kupitia kwa shemasi: hata Pasaka alisema hivyohivyo. Sote chumbani tuliogopa. Kisha akapiga namba nyingine, ya Mama Débora, mke wa Pasta na kiongozi wa akina mama wanaoanika kakao. Hema hakulitaja, wala radi. Alisema maneno yake mawili.

Mama Débora aliinuka kwenye benchi la mbele katikati ya mahubiri. Akina mama wa kakao wakamfuata, waume zao wakawafuata, na kila aliyebaki akakumbuka kakao yake mwenyewe. Wasio na kakao wakaona haya kukaa huku wenzao wanahangaika, wakaenda kusaidia. Pasta alibaki na maikrofoni mkononi, mpaka alipomwona mkewe kwa mbali akipambana na bâche yao peke yake. Akaruka kutoka jukwaani. Radi ilipopiga nguzo ya katikati, iliunguza spika na benchi la mbele. Hakuna mtu aliyeumia.

Wiki iliyofuata Pasta alikuja hadi Butembo kushukuru, na hakujipamba hata kidogo. "Mama, miye hata sikukuamini," alisema. "Nilikimbia tu juu ya kakao yangu, isilowe."

Mama Anne-Marie alicheka mpaka akafuta machozi. "Haina neno, Pasta. Radi haiulizaka mutu anakimbia juu ya nini."

Tangu hapo, tukipiga simu Mangina, Pasta anaipokea mwenyewe.

Sasa anahamia hukohuko, kwenye shamba la kakao aliloachiwa na mama yake. Akina mama wa Mangina wamemnunulia bâche mpya ya bluu, nasi tutamkabidhi kwenye sherehe. Tulikuwa tumeipanga alasiri. Ameihamishia asubuhi, na hakuna aliyemuuliza sababu.

Aksanti sana, Mama Anne-Marie. Kuna watu wanaotembea leo Mangina bila kujua kwamba ni wewe uliyewatoa chini ya hema lile. Sisi tunajua, na hatutasahau. Tunakutakia afya njema, kakao iliyokauka vizuri na siku ndefu za kupumzika. Huko shambani hutakuwa na skrini. Utakuwa na jua tu, na unajua linavyodanganya. Kwa hiyo nukta tutakutazamia sisi. Siku simu yako ikilia na mmoja wetu akakwambia yale maneno yako mawili, usibishane naye. Kunja.

Jéthro Syauswa, kwa niaba ya wenzake wote wa kituo