Ngano Ilipotoka Nyumbani Mwetu

Bwana apewe sifa, ndugu zangu. Wengi wenu mnanijua kama Mama Rehema wa chapati. Miaka mingi nilipika chapati na mahamri hapa Mishomoroni, mlangoni mwa nyumba tuliyopanga, na riziki yetu ikatoka kwenye unga wa ngano. Siku hizi sipiki chapati, na nimesimama kuwaeleza sababu.

Rehema wangu alianza kuugua akiwa chekechea. Tumbo lilivimba, miguu ikakonda, akawa anaharisha mara kwa mara. Wenzake walikua, yeye akabaki palepale. Tulimtibu minyoo, tukamtibu ameba, tukampa dawa za kuongeza damu. Alipata nafuu kidogo, kisha akarudi kulekule. Kila alipozidiwa nilimpa chai na chapati laini, kwa kuwa ndicho chakula alichokipenda. Alikula kidogo, halafu akaniambia, "Mama, tumbo linauma."

Maneno yakaanza. Ndugu wa mume wangu walipiga simu kutoka bara wakasema mtoto amerogwa. Mume wangu ni fundi wa malori kule Miritini. Naye hakuwa mzima. Mwaka baada ya mwaka alimeza dawa za vidonda vya tumbo. Nilifunga, nikaomba, nanyi mkafunga pamoja nami. Lakini ilifika mahali, ndugu zangu, nikamwambia Mungu: kama unamchukua, mchukue, asiendelee kuteseka. Nilisema hivyo nikiwa nimemshika mkono.

Wiki hiyohiyo Rehema alianguka shuleni. Walimu walimkimbiza hospitali, na huko tukampata daktari mmoja, mama wa makamo. Hakukimbilia kuandika dawa. Aliniuliza, "Mama, huyu mtoto anakula nini tangu asubuhi mpaka jioni?"

Nikamwambia asubuhi ni chapati, shuleni anabeba mahamri, jioni ni sima au chapati zilizobaki.

Akaagiza damu ipimwe, kisha wakampitishia mpira mwembamba wenye kamera mdomoni kuangalia utumbo. Majibu yalipotoka alituita mimi na mume wangu.

"Mtoto hakurogwa," alisema. "Mwili wake haupatani na ngano. Kila akiila, mwili unaushambulia utumbo wake wenyewe, na chakula hakimfaidi. Hakuna dawa ya kumeza. Dawa ni kuiacha ngano kabisa, maisha yake yote. Na kwa kuwa ugonjwa huu hufuata ukoo, ninyi pia mpimwe."

Tulipimwa. Mimi sikuwa nao. Mume wangu alikuwa nao.

Siku hiyo sikushangilia. Nilikuwa nimeomba uponyaji, nikapewa katazo, na katazo lenyewe likaangukia kazi yangu. Daktari alisema hata vumbi la unga likiingia chunguni mwake litamdhuru. Nilirudi nyumbani nikakaa mbele ya gunia la ngano, nikalia.

Aliyeniinua hapo ni jirani yangu, Bi Mwanaisha. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sasa walia nini, Mama Rehema? Sisi twala mchele tangu babu zetu. Njoo jikoni kwangu." Akanifundisha vitumbua, vibibi na mkate wa kumimina, vyote vya mchele na tui la nazi. Vitumbua vyangu vya kwanza viling'ang'ania chuma vikatoka vipandevipande. Akacheka taratibu. "Rudia, mwanangu." Nikarudia.

Ngano ikatoka nyumbani. Baadhi ya wateja wakahama, wengine wakazoea vitumbua. Mume wangu ndiye aliyesumbuka zaidi, maana si rahisi mtu mzima kukataa mkate mbele ya wenzake kazini. Siku moja aliula, akarudi amejikunja kwa maumivu. Rehema akaketi kando yake akamwambia, "Baba, tuache sote wawili. Mimi nitakukumbusha." Tangu hapo hajaugusa. Hata kwa meza ya Bwana hapa kanisani, mchungaji aliniomba nimwokee mume wangu mkate wake wa mchele, nao huwekwa kwenye sahani ya peke yake.

Ndugu zangu, ugonjwa haukuondoka. Upo, na utakuwepo. Mungu alituondolea hofu na maneno ya uchawi, akatuonyesha njia ya kuishi. Nafuu ilikuja polepole, mwezi kwa mwezi. Kama yupo mzazi hapa ambaye mtoto wake anadhoofika na hajui kwa nini, nakusihi, usiache kuomba, wala usiache kurudi hospitali. Mungu niliyemwambia amchukue mwanangu hakunikasirikia. Mtumaini hata pale unapoishiwa maneno.

Rehema, simama mwanangu, wakuone. Gauni alilovaa ni jipya, kwa sababu lile la Pasaka limeshapanda juu ya magoti. Kwa nyumba nyingine hilo ni jambo la kawaida. Mimi nililishika lile gauni, nikapiga magoti, nikamshukuru Mungu.